Vidole Viwili Chini ya Futi

Baba alianguka Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya duka lake mwenyewe, kati ya meza ya kukatia na cherehani, mbele ya wateja watatu, shangazi yangu, na mwanamume niliyempenda. Hakuanguka kwa kishindo. Alipiga hatua ya kwanza, sote tukashusha pumzi. Akapiga ya pili, akatabasamu, na baba yangu si mtu wa kutabasamu ovyo. Ya tatu, mguu mpya ulibaki nyuma, yeye akaenda mbele, mkono wake ukashika kitambaa cha mteja kilichokuwa mezani, na wote wawili wakalala sakafuni, yeye na mita nne za kitambaa cha suti.

Hakuumia. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu shangazi alipowasimulia majirani jioni ile alimvunja baba mbavu mbili na nyonga. Aliumia pale ambapo daktari hafungi bandeji. Fundi wa miaka thelathini na nane kazini, mtu ambaye wanaume wazima walisimama mbele yake mikono juu kama watoto ili awapime, alinyanyuliwa na wateja wake na kukalishwa kwenye kiti, mguu mmoja wa suruali ukining'inia mtupu, na ule mguu wa bandia umebaki umesimama peke yake katikati ya duka.

Mhandisi ndiye aliyeuchukua. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mhandisi, isipokuwa baba, ambaye alimwita Bwana Majaribio, mara nyingi mbele yake. Aliingiza mkono ndani ya mguu, akauzungusha. Kisha akaniangalia. Lilikuwa jicho la haraka, la mtu anayetaka kusema jambo akaghairi, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni aibu.

"Kosa ni langu, mzee," akasema.

"Najua ni lako," baba akamjibu. "Chukua mguu wako uondoke. Na usirudi tena, si dukani kwangu, si kwa binti yangu."

"Mzee, naomba unipe nafasi nyingine."

"Nilikupa mwili wangu uujaribie. Sina mwingine."

Akaondoka na mguu kwapani, kichwa chini. Sikumfuata. Nilikuwa nimepiga magoti nakunja kitambaa cha mteja, na nilikuwa na hasira naye kuliko baba.

Nieleze tulifikaje hapo, maana bila hivyo mtu anaweza kudhani Mhandisi alikuwa tapeli, na shangazi ameshawaambia wengi hivyo.

Mwaka uliotangulia aliingia dukani kwetu na begi mgongoni, akatoa shikamoo, akasema hataki suruali. Baba akamuuliza, kama hataki suruali anatafuta nini kwa fundi wa suruali. Akaeleza. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni changa, na ilikuwa changa kweli: ilikaa ndani ya gereji iliyohamwa na fundi magari, sakafu bado ikinuka oili. Walitengeneza miguu ya bandia. Kutengeneza hakukuwa shida. Mashine yao iliyeyusha uzi wa plastiki ikajenga kikombe, yaani ile sehemu ya juu inayopokea kigutu, kwa siku moja tu. Shida ilikuwa kupima. Mtu aliyekatwa mguu ilimbidi asafiri hadi hospitali kubwa, angoje miezi, apimwe na mtaalamu mmoja anayengojwa na nusu ya nchi. Wengi walichoka wakabaki na magongo. Mhandisi alikuwa na wazo moja, na alilisema huku akiitazama futi iliyoning'inia shingoni mwangu.

"Kila mtaa una mtu anayejua kupima mwili wa binadamu," alisema. "Ni ninyi mafundi. Mkipima, mkanitumia namba kwa simu, mguu unaweza kumfuata mtu nyumbani kwake."

Baba akamwambia wazo ni zuri na mlango ni ule pale. Mimi nililipenda lile wazo siku hiyo hiyo. Mwenye wazo nilimpenda baadaye, au labda siku hiyo hiyo pia, sina tarehe. Nilianza kuwashonea soksi za kuvaa ndani ya kikombe, nikawa naenda gereji mara moja kwa wiki, kisha mara tatu, kisha baba akaanza kuuliza hao watu wana miguu mingapi hata wahitaji soksi zote hizo.

Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa mguu miaka miwili nyuma, chini ya goti, kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na alisema ya umeme inakimbia kabla mtu hajafikiri. Kwa hiyo alihamia kwenye kazi ya mkono: matundu ya vifungo, pindo, kutarizi. Kazi za mwanafunzi, fundi mkuu akazifanya bila kulalamika, na huko kutolalamika ndiko kulikoniua. Kigutu chake hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila mimi. Nilikiosha, nilikipaka mafuta, nilikifunga. Hata muuguzi alimfukuza.

Nilimbembeleza miezi miwili akubali mguu wa Mhandisi. Alipokubali alitoa sharti: yule kijana asinisogelee, anipime binti yangu. Basi nikampima mimi. Nikazituma namba. Mguu ulipokuja nilimvalisha mwenyewe nyuma ya pazia, ukaingia bila taabu, nikafurahi. Kwa macho ya fundi wa nguo, kitu kinachoingia bila taabu ni kitu kilichokaa vizuri.

Sasa unaelewa hasira yangu. Mimi nilikuwa nimeweka neno langu kwa baba, na Mhandisi akaliangusha sakafuni mbele ya wateja. Alipiga simu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, sikupokea. Shangazi naye hakupoteza muda. Alianza upya kumsifia mwanamume mmoja wa ofisi ya maji, mjane mwenye heshima, ambaye alikuwa na kazi ya kudumu. Shangazi hutamka "kazi ya kudumu" kama watu wengine wanavyotamka majina ya wajukuu zao. Baba hakumkatiza. Huo ndio ulikuwa upande wa kutisha, kwamba hakumkatiza.

Jumatano mchana nikafunga soksi zote nilizomaliza kwenye mfuko, nikaenda gereji kumwambia Mhandisi yaishe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, mafupi, yasiyo na machozi. Nikakuta hayupo. Alikuwa amekwenda mji wa jirani kufuata uzi wa plastiki tangu Jumapili asubuhi, na alikuwa njiani kurudi.

Aliyekuwepo ni mwenzake, mtaalamu wa viungo, mwanamke mwenye mabega ya kubeba magunia na sauti ya kubembeleza watoto. Sisi tulimwita Dada Mazoezi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mwalimu wa shule, mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye benchi na sketi yake imekunjwa vizuri juu ya goti, akijaribu kumvalisha kikombe kipya. Hakikuingia. Dada Mazoezi akambadilishia soksi nyembamba, bado. Akampa bila soksi kabisa. Mwalimu akauma mdomo, akasema kwa adabu kwamba labda amenenepa.

"Hujanenepa, mwalimu. Nilikupima mimi mwenyewe," Dada Mazoezi akasema. "Na nimefuata ubao."

Ubao huo ulijaza ukuta mzima wa nyuma. Ndio uliokuwa utaratibu wao, na sijauona mahali pengine. Kila kosa lililotokea liliandikwa pale, wazi, hata wageni waone: kosa gani, la nani, na dawa yake nini. Hakuna aliyekemewa kwa kuandika. Siku ya kwanza nilipouona nilicheka, nikauliza kampuni gani hutundika aibu zake ukutani. Mhandisi aliniambia mguu wao wa kwanza ulidumu siku tisa na wa sasa unadumu miaka, na tofauti yote kati ya miguu hiyo miwili iko ukutani pale.

Nikausoma. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wake. *Mguu wa fundi cherehani. Kikombe kimezidi sentimita mbili. Kosa: Mhandisi, hesabu za mashine. Dawa:* na hapo palikuwa patupu. Chini yake, kwa mwandiko wa Dada Mazoezi: *Nimepunguza sentimita mbili kwenye hesabu za mashine. Vikombe kumi na moja vinavyofuata vitoke hivyo.*

"Umepunguza vyote?" nikamuuliza.

"Hesabu ikiwa na kosa ina kosa kwa wote. Vitatu vimeshatoka. Hivyo vingine mashine inaendelea navyo."

Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma polepole, inajenga cha nne.

Kikombe cha baba kilikuwa juu ya meza, na jina lake limebandikwa. Sijui kwa nini nilikichukua. Nafikiri nilitaka kuiona hiyo hesabu mbovu kwa macho yangu. Kwenye mfuko nilikuwa na soksi ya kigutu cha baba, bado iko juu ya kifuko cha mchanga nilichokifinyanga kwa mikono, bila futi, kufuata umbo la kigutu chenyewe. Nikaikaza juu ya kifuko, nikakitia ndani ya kikombe. Kilicheza. Nikaingiza kidole pembeni, kikaingia. Nikaongeza cha pili. Vikakaa sawasawa, vidole vyangu viwili, havibanwi wala havilegei.

Nikavitoa, nikavirudisha, vikakaa vile vile.

Kila fundi nguo anajua jambo hili, na kwa sababu kila mmoja anajua, hakuna anayelifikiria. Unapozungusha futi kiunoni mwa mtu unaweka vidole viwili chini yake. Hiyo ni nafasi ya kukaa, kula, kuvuta pumzi. Baba alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Nguo ipumue, alikuwa akisema, na kila nilipoikaza futi alinipiga kofi dogo la mkono. Kwa miaka kumi na saba vidole vyangu vimeingia chini ya futi vyenyewe. Na siku ile nyuma ya pazia, mbele ya kigutu cha baba, viliingia tena, kila nilipopima, bila kuniomba ruhusa.

Hesabu za mashine hazikuwa na kosa lolote.

Nikamwambia Dada Mazoezi azime mashine. Akauliza kwa nini. Nikasema, mbele yake na mbele ya mwalimu, kwamba kosa la mguu wa baba ni la mkono wangu, si la mashine, na kwamba vikombe vyote kumi na moja vitambana mtu. Dada Mazoezi alinitazama kidogo, akaenda akazima. Gereji ikawa kimya, na katika ukimya huo tukamsikia Mhandisi mlangoni akishusha mizigo.

Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Aliniona, uso wake ukafunguka. Akaona kikombe mkononi mwangu na vidole vyangu ndani yake, ukafunga.

Tulitoka kwenye uwanja wa nyuma, palipobaki fremu ya gari lisilo na milango. Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia yaishe.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale dukani. Niliingiza mkono nikaona nafasi imezunguka sawasawa pande zote. Mashine ikikosea haikosei kwa upole namna ile. Nikakumbuka unavyopima."

"Unakumbuka ninavyopima?"

"Nimekutazama mwaka mzima ukipima watu," akasema. "Ningekumbuka nini kingine?"

Wanawake wenzangu, hapo ndipo moyo unapotaka kulegea, na wangu ulilegea. Niliuambia usubiri kwanza.

"Kwa nini hukusema?"

Alikaa kwenye ukingo wa lile gari. Akasema kwamba baba hamruhusu mtu mwingine kukigusa kile kigutu. Kama angejua kuwa aliangushwa na mkono wangu, asingeniruhusu hata mimi. Angekaa na jeraha lake peke yake. Akasema kwamba yeye hakupendwa na baba tangu mwanzo, kwa hiyo lawama moja zaidi haikubadilisha kitu. Lakini mimi ni mwanafunzi wa baba, na duka lile ameniahidi. Alisema yote haya kwa utaratibu, kama mtu aliyeyarudia moyoni siku nne, na hakuniangalia hata mara moja.

"Nilitaka kukulinda," akamaliza.

"Ukanilinda mimi, ukambana mwalimu."

Akainua kichwa.

"Amekaa humo ndani," nikaendelea. "Anadhani amenenepa. Anajilaumu mwenyewe kwa sababu wewe ulitaka kuwa mwema kwangu. Uliniambia siku ya kwanza kwamba kila kitu mlichofanikiwa kimetoka kwenye ule ukuta. Halafu ukaandika uongo juu yake, kwa ajili yangu. Unadhani nitafurahi?"

"Sikuweka dawa. Niliacha patupu, nikijua nitarudi nirekebishe kabla hawajaanza."

"Dada Mazoezi anakuamini kuliko unavyostahili. Alipaona patupu akapajaza."

Alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi. Sijawahi kumwona mtu akiona haya namna ile bila kujitetea, na nakiri kwamba nilitaka kumshika kichwa nikiweke kifuani mwangu, na nilitaka pia kumpiga na soksi.

"Na kuna jambo jingine," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuliona. "Uliwafundisha mafundi wangapi kupima?"

"Ishirini na sita. Wanaanza Jumatatu."

"Wote ni mafundi nguo?"

Akaelewa kabla sijamaliza. Ishirini na sita, kila mmoja na vidole vyake viwili. Kosa halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa limekaa ndani ya wazo lenyewe, tangu siku ile alipoitazama futi shingoni mwangu, na kama angeliandika ukutani kwa jina langu, wangeliona Jumamosi jioni ile ile.

"Nakwenda kumwambia baba," nikasema.

"Atakukasirikia."

"Najua."

"Anaweza kukukatalia duka."

"Hilo pia najua. Usinifuate."

Alinifuata, bila shaka. Lakini alikaa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, akijifanya anasoma bei za sabuni.

Baba alikuwa kwenye kiti chake anatoboa matundu ya vifungo. Shangazi alikuwa amekaa karibu naye na kahawa yake, na sifa za yule mjane wa ofisi ya maji zilikuwa zimefika kwenye kutokunywa pombe. Nilisimama mbele yao na mikono nyuma kama mwanafunzi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea yote.

"Baba, mguu haukuwa na kosa. Nilikosea mimi. Niliweka vidole chini ya futi."

Sindano ikasimama.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

"Kila kipimo?"

"Kila kipimo."

Shangazi alifungua kinywa, baba akainua kidole kimoja, shangazi akakifunga. Baba akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilimjua akikasirika tangu utotoni. Sikujiandaa kuona macho yake yakijaa maji.

"Siku nne," akasema, "nimekaa hapa nikidhani mwili wangu ndio umekataa. Nimejiambia, mguu ule umewabeba wengine, mimi umenitupa kwa sababu nimezeeka. Ni vidole tu?"

"Ni vidole tu, baba. Nisamehe."

"Nani alikufundisha kuviweka?"

"Wewe."

"Nilikufundisha kwa makofi," akasema, akajifuta macho kwa pindo la suruali ya mteja. "Basi mwenye kosa tumekaa naye hapa hapa." Akainua sindano tena. "Yule kijana alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Ningemwokoa, na yeye aliniokoa kwa namna hiyo hiyo, na ningeanza tena yale yale.

"Alijua tangu siku ile. Alinyamaza ili usinikasirikie mimi."

"Mwite. Anajifanya anasoma bei za sabuni, na lile duka halijawahi kuuza sabuni za kusomwa nusu saa."

Mhandisi aliingia, akatoa shikamoo, akasimama pale pale alipoangukia baba. Nilisimama upande wa cherehani. Tulitazamana mara moja, nikaona anaogopa, na kuogopa kwake kukanipa nguvu kidogo.

"Kwa nini ulibeba kosa lisilo lako?" baba akamuuliza.

"Nampenda mwanao, mzee."

Alisema hivyo tu, mchana kweupe, mbele ya shangazi na kahawa yake. Alikuwa hajawahi kuniambia mimi maneno hayo. Nilikuwa nimeyangoja miezi kadhaa, na alipoyasema akampa baba yangu. Masikio yaliniwaka.

"Mimi pia nampenda," baba akasema. "Nimempenda kabla yako. Na akishona vibaya namwambia ameshona vibaya, tangu ana miaka tisa, na hajawahi kunichukia kwa hilo. Ukimfichia makosa yake utamfanya fundi mbovu, na watu watavaa kazi yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee. Nimekosea."

"Umekosea, na safari hii ni kweli." Baba akaweka sindano chini. "Hao mafundi wako wengine, utawaambia nini?"

Mhandisi akasema atawaambia wasiweke vidole. Baba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka miwili. Akasema fundi akiambiwa asiweke vidole atakubali kwa kichwa na kuviweka kwa mkono. Mkono hausikii amri. Inabidi upewe kazi nyingine unayoijua.

"Waambie wapime kofia," akasema. "Hakuna fundi anayeweka vidole kwenye kofia. Akiviweka, upepo unaondoka nayo. Mwambie fundi hiki ni kichwa, nipimie kofia, na mkono wake utakaza wenyewe."

Mhandisi akatoa simu akaanza kuandika haraka, kama mtu anayeogopa neno litatoroka. Baba alimtazama akiandika. Nilimjua baba; alikuwa amefurahi, na alikuwa anajitahidi furaha hiyo isionekane.

"Mzee, ungekuja Jumatatu uwaambie wewe," Mhandisi akasema. "Watakusikiliza wewe kuliko mimi."

"Nije na nini? Na magongo?"

Shangazi aliangalia kahawa yake. Ndipo baba akainama, polepole, akashika suruali yake kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja hadi juu ya goti. Kigutu chake kikawa wazi mbele yetu sote, chenye kovu lake na weusi wake, katikati ya duka, mchana. Nilisogea kwa mazoea. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe kaa uandike," akaniambia. "Pima wewe, kijana. Kama kofia."

Mhandisi alipiga magoti. Akaipulizia mikono yake kwanza, ili isimguse ikiwa baridi. Futi ilipozunguka baba alikaza taya, lakini hakuuvuta mguu. Mimi nilishika kalamu na machozi yananidondokea kwenye karatasi. Vipimo ni saba, kutoka chini ya goti kwenda ncha. Akataja cha kwanza, nikaandika. Cha pili, nikaandika. Kila kimoja kilikuwa pungufu kuliko changu, kwa upana ule ule.

"Utakuwa tayari lini?" baba akamuuliza juu ya kichwa chake.

"Kesho kutwa, mzee. Ijumaa nitauleta uujaribu."

"Ijumaa lete mguu." Baba akaangalia dirishani kana kwamba kuna mteja anakuja. "Jumamosi uje tena. Usije peke yako. Njoo na wazee wako."

Mhandisi, futi mkononi, akasema hakuna haja, mguu ukikaa vizuri Ijumaa hautahitaji kuangaliwa tena.

"Mguu ni Ijumaa," baba akasema. "Jumamosi si habari ya mguu."

Shangazi aliweka kikombe chake chini bila kukitazama, kikakosa meza. Mhandisi alibaki amepiga magoti, mdomo wazi, kisha uso wake ukaanza kubadilika, na akageuka kuniangalia. Baba akamgonga begani kwa kidole, akamwambia aendelee, mguu unapata baridi. Akapima, akataja cha saba kwa sauti isiyo yake. Sikukisikia. Ikabidi apime tena.